Yai si kipuri

"Fundi, nibebe mayai mangapi?" Kiangazi kikianza hapa Juba, swali ni hilohilo. Huyu anakwenda kulala hemani Terekeka, karibu na kambi za ng'ombe za Wamundari. Yule anateremka Nimule kuona tembo na maporomoko ya Fula. Gari liko safi, hema limefungwa juu ya paa, jiko la gesi lipo, friji ndogo ipo. Na kila mmoja ameshahakikishiwa na mtu anayemwamini kwamba rejeta ikitoboka porini, dawa yake ni yai. Kama si yai, manjano. Kama si manjano, kiganja cha unga wa ugali.

Jibu ni sufuri. Mayai ni ya kifungua kinywa. Nalijibu hapa mara moja kwa wote, kwa sababu naona magari yanavyorudi, na naona bili wanayolipa watu waliokuwa na uwezo kamili wa kuiepuka.

Tuanze na jambo ambalo wauza ushauri hawalitaji: uvujaji mwingi wa maji hautoki kwenye mabomba ya rejeta. Unatoka kwenye mipira inayounganisha rejeta na injini, hasa pale ncha inapobanwa na klipu. Unatoka kwenye kifuniko ambacho raba yake imekauka. Unatoka kwenye sili ya wota pampu. Katika magari mapya, ambayo rejeta zake ni za alumini na matangi ya plastiki juu na chini, unatoka kwenye ule mshono mrefu wa plastiki na alumini. Yai litaziba lipi kati ya hayo? Mpira uliopasuka kwa urefu wa kidole haulijui yai. Na kama gasketi ya silinda hedi imeungua, moto wa silinda unasukuma gesi ndani ya maji, na hakuna kitu cha jikoni kitakachoizuia.

Sasa chukua hali moja ambayo yai lingeweza kusaidia: kitundu kidogo kama ncha ya sindano kwenye bomba la rejeta. Wanaoliamini wanaeleza kwamba yai litasafiri na maji mpaka kwenye kitundu, liive pale na kuziba. Ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzi joto 60 hivi. Maji ya injini iliyopata moto yako kati ya 80 na 95. Kwa hiyo yai linaiva palepale ulipolimwagia, kwenye tangi la juu, kabla halijaenda popote. Kinachosafiri ni nyuzinyuzi na mabonge, na mabonge hayachagui kitundu. Yanakwama popote penye njia nyembamba, na ndani ya rejeta kila njia ni nyembamba: mabomba yake ni bapa, uwazi wa ndani ni wa milimita chache tu.

Manjano na unga vina hila zaidi, kwa sababu mara nyingine vinafanya kazi. Nasema hivyo waziwazi ili nisije nikaletewa shemeji aliyefika Torit salama. Chembe zinabebwa na maji, zinavimba, zinajisokomeza kwenye kitundu, na matone yanakoma kwa saa kadhaa au hata kwa siku. Lakini chembe zilizoziba ni chache. Zilizobaki zote zinaendelea kuzunguka. Injini ikizimwa usiku zinatua chini, na asubuhi zinakuwa tope. Fungua rejeta iliyotiwa manjano mwezi mmoja uliopita: tangi la chini lina uji mzito wa rangi ya kutu, unanuka uvundo, na mabomba ya pembeni yamejaa hadi huwezi kupitisha waya. Themostati imeshikwa katikati, haifungi wala haifunguki yote. Mabomba ya hita, membamba kuliko yote, yamekufa kabisa. Mwenye gari anasema gari lilianza kuchemka "ghafla". Halikuanza ghafla. Lilianza siku ile alipotoka dukani na pakiti ya manjano.

Na linachemka wakati gani? Februari au Machi, joto la mchana Juba likiwa nyuzi 38, gari limepakia watu na maji na hema, linatambaa kwa gia ya pili kwenye njia ya vumbi. Yaani wakati ambapo kila bomba la rejeta linahitajika.

Kuna jambo la presha pia. Kifuniko cha rejeta kimeandikwa namba, kwa Toyota nyingi ni 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha kinayoishikilia. Kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Presha ikitoroka, hapa kwetu yanachemka chini kidogo ya 100. Kiraka cha unga kinatakiwa kuvumilia presha hiyo kutoka ndani, kwenye bati linalotetemeka, kilomita baada ya kilomita. Kinaachia, na kinapoachia dereva ameshaacha kuangalia mshale wa joto, kwa sababu anaamini tatizo limekwisha. Hapo ndipo silinda hedi inapopinda. Bei ya kuchonga hedi, gasketi mpya na kazi ya fundi inatosha kununua mipira yote miwili ya rejeta, mkanda, klipu na kifuniko kipya, na chenji ikabaki ya safari nyingine.

Dawa za kopo zinazouzwa madukani? Nyingi zinatumia njia ileile kwa usafi zaidi. Mimi siziweki kwenye boksi langu.

Mwenye kupenda vitu vya nyumbani abebe sabuni ya kipande, lakini aijue kazi yake. Sabuni haiyeyuki kwenye dizeli wala petroli, ndiyo maana ukiisugua kwa nguvu kwenye ufa wa tangi la mafuta, kwa nje, inashika mpaka ufike. Kwenye rejeta ni bure, maji yanaiyeyusha.

Sasa vya kubeba, haraka. Mpira wa juu na wa chini wa rejeta, ya gari lako, umeipima mwenyewe. Klipu sita za saizi mbalimbali. Mkanda wa feni. Kifuniko kipya. Maji lita 20 ya gari peke yake, tofauti na ya kunywa. Tyubu kuukuu uikate mikanda: mpira ukipasuka, ukaushe, uuzungushie mkanda huo ukiuvuta kwa nguvu, kaza kwa waya, kisha rudisha kifuniko hadi kituo cha kwanza tu ili presha isijijenge, endesha polepole na uongeze maji. Kitundu kwenye rejeta ya shaba: koleo, bana bomba hilo moja juu na chini ya kitundu, likunje, sahau habari yake, kwa bomba moja rejeta haitakufa. Rejeta ya alumini: epoksi ya kukanda, baada ya kusugua kwa msasa na kukausha kabisa. Injini ikichemka, zima, subiri mpira wa juu uweze kushikika kwa mkono mtupu, ndipo ufungue.

Spana: usinunue boksi la vipande mia. Toyota inataka 10, 12, 14, 17 na 19, na namba ya nati za magurudumu yako. Ile 13 inayong'aa utairudisha nyumbani haijaguswa. Bisibisi mbili, koleo, nyundo, waya wa kufungia, fyuzi, tochi ya kichwani, nyaya za kuunganishia betri, pampu ya tairi, viraka na vyuma vya kutolea tairi. Tairi la akiba lenye upepo, na kama njia ni ya udongo mweusi beba mawili. Jeki pamoja na ubao mnene wa kuiwekea chini, la sivyo itazama badala ya gari kupanda.

Na mawe ya kuzuia magurudumu yatoke nyumbani. Katika Equatoria bado kuna mabomu ya ardhini yaliyobaki kutoka vita vilivyopita. Gari likiharibika, fanya kazi zako zote juu ya njia iliyokanyagwa. Usiingie majanini kutafuta jiwe, tawi wala kivuli.

Siku moja kabla ya kuondoka, shusha jeki uliyonayo, si ya jirani, uinue gari, na utoe gurudumu moja kwa spana utakayobeba. Mashine ya upepo ya fundi tairi hukaza nati kuliko mkono wa mtu, na spana fupi iliyokuja na gari mara nyingi haizilegezi. Zikigoma, tafuta kipande cha bomba la chuma kinachoingia kwenye mkono wa spana, mita moja hivi, ukifunge pamoja na jeki.