Saint Helena: Kisiwa chenye makaburi ya watu wa kwetu

Katikati ya bahari ya Atlantiki kuna kisiwa kidogo, Saint Helena. Tangu 2017 ndege inafika kule kutoka Johannesburg. Mbele ya pale ilikuwa meli tu. Wageni wanakimbilia nyumba ya Longwood, Napoleon alimokufa 1821, na kobe Jonathan aliyeletwa 1882. Jioni wanakula samaki wakubwa wa bahari, waliovuliwa mmoja mmoja kwa ndoano. Vizuri.

Lakini washuke pia bonde la Rupert. Kuanzia 1840 Waingereza walileta hapa meli za watumwa walizozikamata. Wengi walitoka pande za Kongo na Angola. Karibu 8.000 walizikwa mule. Kwa ajili ya barabara ya uwanja wa ndege, mifupa ya watu 325 ilichimbuliwa. Ikakaa ndani ya masanduku, miaka zaidi ya kumi! Ilizikwa tena 2022.