Maandiko ya Kimo cha Mtu, Programu Ndogo kuliko Picha

Pengine umepata kuiona picha ya Bibi Margaret Hamilton iliyopigwa mwaka 1969. Amesimama kando ya rundo la vitabu lililofika kimo chake. Vitabu vile si vya hadithi wala vya sala. Ni maandiko ya programu za kompyuta zilizoongoza vyombo vya Apollo kwenda mwezini, alizoziandika yeye na wenzake katika chuo cha MIT, huko Marekani.

Sasa sikia ajabu yake. Programu ya chombo kimoja, ilipokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, ilienea katika kumbukumbu ya maneno 36,864 tu. Kwa kipimo cha siku hizi ni kilobaiti 72 hivi. Picha moja uliyoipiga kwa simu ukamtumia shangazi yako yaweza kuizidi mara thelathini.

Je, maandiko mengine yalikwenda wapi? Mtu aandikapo programu hutumia herufi na majina ili wenzake wamfahamu, tena huweka maelezo pembeni: hapa tunapima mwendo, hapa tunapunguza kasi. Mashine haina haja nayo. Basi programu nyingine, iliyo kama mfasiri, huyaacha maelezo hayo, na kila amri huigeuza kuwa tarakimu, 0 na 1. Ni kama kutenga unga na pumba, ila hapa pumba zina hekima nyingi, maana anayetaka kuitengeneza programu huanzia huko.

Lakini usidhani ni hivyo siku zote. Programu ya lugha ya C ya kuandika salamu moja tu haifiki herufi 100. Ikigeuzwa katika kompyuta ya Linux hutoka na baiti 16,000 hivi. Mfasiri ameifungia mizigo ya kuanzia na kumalizia kazi, kama msafiri wa siku moja aliyebebeshwa godoro.

Watu wa Apollo hawakuwa na nafasi ya godoro. Tarakimu zao zilifumwa kwa mikono na wanawake wa kiwanda cha Raytheon, kule Waltham: waya ukipita ndani ya kipete cha sumaku ni 1, ukipita nje ni 0. Kosa likionekana baada ya kufuma, kulisahihisha ilikuwa taabu kubwa.

Tarehe 20 Julai 1969, Armstrong na Aldrin walipokuwa wakishuka, kompyuta ilitoa onyo namba 1202: kazi zimezidi, nafasi imekwisha. Nafasi ile ya kuandika na kufuta ilikuwa maneno 2,048 tu. Huko Castel Gandolfo, Baba Mtakatifu Paulo VI alikuwa akitazama habari hizo katika televisheni. Kwa bahati njema, waandishi walikuwa wamekwisha kuiagiza kompyuta iache kazi ndogo na kushika zile za kutua. Ikatii, na chombo kikatua salama, mafuta ya kushukia yakiwa karibu kwisha.