Usahaulifu si uzee tu: Ukimwi hufika hadi ubongoni

Mwanamume wa miaka 55 akianza kupitisha kituo chake cha matatu, majirani katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Jericho hadi Kayole, huwa na jibu tayari: ni uzee, au amerogwa. Wachache hufikiria virusi.

Virusi vya Ukimwi huingia ubongoni mapema, aghalabu katika majuma ya kwanza baada ya kuambukizwa, vikiwa vimejificha ndani ya chembechembe nyeupe za damu. La ajabu ni kwamba haviingii katika neva zenyewe. Huvamia chembechembe zinazoulinda ubongo, nazo zikishachokozwa hutoa sumu inayokata mawasiliano baina ya neva na hatimaye kuziua.

Dalili zake si zile ambazo wengi hutarajia. Mgonjwa huyu, tofauti na mwenye ugonjwa wa Alzheimer, aghalabu huyakumbuka majina ya wajukuu wake. Kinacholemaa ni wepesi: hujibu baada ya kimya kirefu, hujikwaa kwenye ngazi, hushindwa kufunga vifungo vya shati, huacha kazi aliyoipenda. Jamaa humwita mvivu.

Mnamo 2006 Serikali ya Kenya iliondoa ada ya dawa za kupunguza makali katika hospitali za umma, na visa vibaya vya kupungukiwa na akili vikapungua sana. Lakini waliookolewa na dawa hizo wanazeeka, na sasa virusi, umri na shinikizo la damu huandama ubongo mmoja.

Kinachonitia hofu zaidi ni siri. Katika ploti za chumba kimoja kimoja, wapo wanaoficha vidonge kwenye mkebe wa majani chai ili hata mke asijue. Akianza kusahau, nani atamkumbusha? Asipomeza dawa virusi huzaliana, ubongo huumia, naye husahau zaidi. Heri mtu mmoja nyumbani ajue, na dawa imezwe mbele yake, tuseme wakati wa taarifa ya habari jioni.

Asiyejua hali yake apimwe Ukimwi. Anayetumia dawa apimwe kiwango cha virusi. Daktari achunguze pia kaswende, sukari, tezi ya shingo na upungufu wa vitamini B12, kwani haya yana tiba.

Kuchanganyikiwa kunakoandamana na maumivu makali ya kichwa au homa ni jambo jingine. Huenda ukawa uti wa mgongo unaoletwa na kuvu, ambao huua upesi. Huyo apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.