Shujaa wa mchezo wa video: asikike au awe bubu?

KATIKA michezo ya video ambamo mchezaji huvaa uhusika wa shujaa, waundaji wamegawanyika: je, shujaa azungumze, au majibu yake yasomwe tu kwenye skrini?

Sauti ina mvuto wake. Jennifer Hale, aliyemwigiza Kamanda Shepard katika Mass Effect mwaka wa 2007, alimpa uhai ambao maandishi matupu hayangeweza. Lakini Shepard huyo ni wa waandishi. Mchezaji humwelekeza tu.

Kampuni ya Bethesda ya Marekani imejaribu njia zote mbili. Shujaa wa Fallout 3 (2008) alikuwa bubu. Katika Fallout 4 (2015) alipewa sauti, na uhuru wa mchezaji ukapungua. Kila jibu lilihitaji kurekodiwa mara mbili, kwa sauti ya kiume na ya kike. Hivyo, kwa kawaida mchezaji alipewa majibu manne pekee, tena kwa muhtasari. Aliyechagua neno “kejeli” hakujua shujaa angetamka nini hasa. Pengine alitaka utani, akaletewa dharau.

Katika Starfield, mwaka wa 2023, kampuni hiyo iliurudia ububu, na majibu yakaandikwa kikamilifu.