Mvuke wa Zebaki na Vumbi la Mawe: Namna ya Kuilinda Familia Nyumbani

Katika vijiji vingi vya wachimbaji wadogo mkoani Geita na wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, kazi ya dhahabu haiishii mwaloni. Mchimbaji hurejea jioni na donge dogo la zebaki iliyoshikamana na dhahabu, akalichoma kwenye jiko la mkaa uani, au hata ndani ya chumba kwa kuhofia wezi. Hatua chache kutoka hapo, karasha limekuwa likisaga mawe ya mbale tangu asubuhi. Kwa njia hizo mbili, mvuke na vumbi, hatari ya kazini huwafikia watu wasiowahi kushika sururu: mama mjamzito, mtoto mchanga na mzee.

Zebaki ni metali ya majimaji ambayo hugeuka mvuke hata pasipo moto, na huchemka kwenye nyuzijoto 357 za Selsiasi. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, hivyo pua haiwezi kumwonya mtu. Mapafu hufyonza takribani asilimia 80 ya mvuke unaovutwa. Kutoka hapo huingia katika damu, hufika kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Mtoto mdogo huathirika zaidi kwa sababu ubongo wake bado unakua, hupumua hewa nyingi kulingana na uzito wake, na hucheza sakafuni ambako matone ya zebaki hujificha.

Moto ukizimwa, hatari haijaisha. Sehemu ya mvuke hupoa na kutua kwenye kuta, mabati, mapazia, magodoro na nyufa za sakafu, kisha hurudi hewani kidogo kidogo, hasa chumba kinapopata joto. Kwa hiyo chumba kilichotumika kuchomea dhahabu hakifai kugeuzwa chumba cha kulala kwa kupigwa rangi tu. Anayekikarabati afungue milango na madirisha, awaondoe watoto na wajawazito, alowanishe vumbi kwa maji na kulifuta kwa kitambaa kibichi. Asifagie kwa ufagio mkavu, kwani ufagio huyatawanya matone na kuyafanya yatoe mvuke zaidi. Matone yanayoonekana yakusanywe kwa karatasi ngumu na kutiwa katika chupa yenye maji na kifuniko kinachobana. Yasimwagwe chooni, mtaroni wala motoni. Magodoro, mikeka na mazulia yaliyochafuka yasitumiwe tena.

Vumbi lina madhara yake. Mawe ya mbale yana silika, na chembe zake ndogo mno hutua ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba ya kuuponya, nao humweka mgonjwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Utafiti uliofanyika katika machimbo madogo ya Tanzania na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba silika hewani wakati wa kuchoronga miamba chini ya ardhi ilikuwa wastani wa miligramu 16.85 kwa mita moja ya ujazo, yaani mara 337 ya kiwango cha juu kinachopendekezwa na taasisi ya afya ya kazini ya Marekani. Juu ya ardhi ilikuwa mara nne ya kiwango hicho.

Kinga ya kwanza ni umbali. Dhahabu isichomwe nyumbani, jikoni wala dukani. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataja uchomaji katika makazi ya watu miongoni mwa vitendo vinavyopaswa kukomeshwa. Jina la mkataba huo linatokana na mji wa Japani ambako ugonjwa uliotokana na zebaki katika samaki ulitambuliwa mwaka 1956, baada ya kiwanda kutiririsha taka zake baharini. Anayelazimika kuchoma atumie retoti, chombo kilichofungwa kinachopoza mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, mbali na nyumba, na asikifungue kikiwa moto. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo. Hata ile ya kuchuja vumbi haiuzuii. Karasha nalo likae mbali na makazi, na mawe yanyunyiziwe maji.

Nguo za kazi zivuliwe nje na zifuliwe peke yake, na mchimbaji aoge kabla ya kumpakata mtoto. Sufuria au kikaangio kilichochomewa dhahabu kisipikiwe tena. Maji na chakula vifunikwe, na maji ya mvua kutoka kwenye mabati yaliyo karibu na mahali pa kuchomea yasinywewe, kwa kuwa kuyachemsha hakuondoi zebaki. Kunywa maziwa pia hakuitoi zebaki iliyokwisha kuingia mwilini.

Mtu aliyevuta mvuke mwingi kwa mara moja huweza kupata homa, kikohozi, maumivu ya kifua na kupumua kwa shida saa chache baadaye, hali inayofanana na nimonia au malaria. Huyo afikishwe hospitalini mara moja. Anayevuta kidogo kwa muda mrefu hutetemeka mikono, hukosa usingizi, hukasirika upesi, husahau na kuvimba fizi. Wengine huvimba mwili kwa sababu ya figo. Mtoto aweza kuwa na viganja na nyayo nyekundu zenye maumivu, jasho jingi na shinikizo la juu la damu.

Mhudumu wa afya katika ukanda huu amwulize kila mgonjwa mwenye dalili hizo maswali matatu: nani nyumbani hufanya kazi ya dhahabu, huchomwa wapi, na nani hulala karibu na hapo. Mvuke wa zebaki hupimwa kwa mkojo. Nywele na damu hufaa zaidi kwa zebaki iliyotokana na samaki. Tiba ya kwanza ni kumtoa mgonjwa penye sumu; dawa za kuiondoa mwilini hutolewa hospitalini chini ya daktari. Mchimbaji, au jirani wa karasha, anayekohoa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu. Na mmoja akithibitika kuwa na sumu ya zebaki, wote wanaoishi naye wachunguzwe, kwa maana hewa waliyoivuta ni ile ile.