Maana ya "Usugu" kwa Bakteria wa Tumbo

Mgonjwa atumiaye dawa bila kupona husemwa kwamba mwili wake "umezoea dawa". Kwa dawa za antibiotiki kauli hiyo yapotosha, kwa sababu usugu si wa mwili, bali ni wa bakteria.

Mfano ulio wazi ni Helicobacter pylori, bakteria akaaye tumboni na awezaye kuleta vidonda. Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kumkuza maabarani mjini Perth, Australia, mwaka 1982, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Dawa mojawapo ya kumwua ni klarithromaisini, ambayo hushika ribosomu, yaani mahali pa kutengenezea protini, na kuizuia kazi hiyo.

Jeni huandikwa kwa herufi nne: A, C, G na T. Katika jeni ya bakteria huyu iitwayo 23S, A iliyo nafasi ya 2142 au 2143 ikigeuka kuwa G, dawa haishiki tena. Ndivyo ilivyo kwa pata na pita: herufi moja hubadili maana yote.

Kipimo cha jeni huzisoma herufi hizo kwa saa chache, katika kipande kidogo cha ukuta wa tumbo au katika kinyesi. Kukuza bakteria huchukua siku kadhaa. Hata hivyo hakitoshi kwa kila dawa: usugu dhidi ya metronidazoli hauna badiliko moja la kutegemewa.

Aambiwaye kwamba mwili wake umezoea aweza kuongeza dawa ile ile. Aambiwaye kwamba bakteria ni sugu huelewa kwa nini dawa yabadilishwa. Hapa usahihi wa neno ni sehemu ya tiba.