Usitie Kipimajoto cha Mgonjwa Katika Pipa la Pombe



Katika vijiji vyetu wapo akina mama wanaojua kupika pombe ya ulezi au ya mtama kuliko mtu yeyote aliyesoma kitabuni. Mama huyo hana saa wala kipimo. Anachovya kidole katika uji, anatulia kidogo, anasema, "Bado." Akisema, "Tayari," basi ni tayari. Sikuja hapa kumfundisha huyo kazi yake. Wala sikuja kumhimiza mtu anywe, maana ubaya wa ulevi mnaujua. Nataka kusema juu ya kifaa kimoja ambacho sasa kinaingia jikoni kwa wapishi wa pombe, nacho ni kipimajoto. Nina sababu ya kusema. Mimi mwenyewe nilitoa kipimajoto katika zahanati, nacho kikaenda kuleta hasara katika nyumba ya watu.

Mama mmoja jirani wa zahanati yetu hupika pombe ya ulezi, na leseni anayo. Kwa kazi hiyo amesomesha watoto wanne. Safari moja mapishi yake mawili yaliharibika mfululizo. Mpwa wake aliyetoka mjini akamwambia kwamba wapishi wa huko hupima joto kwanza, ndipo watie kimea. Basi mama akaja zahanati.

"Mwanangu daktari," akaniambia, "kile kijiti mnachowatia watu kwapani, niazime hadi jioni."

Siku hizi tunatumia vipimajoto vya betri. Lakini kabatini kilikuwa kimebaki kimoja cha zamani, cha kioo chenye zebaki ndani. Nikampa. Mimi ni kijana, na huyu ni mama ambaye kila mtu humheshimu, nikafurahi kwamba amekuja kwangu kutaka msaada. Sikujiuliza kifaa kile kimetengenezwa kupima joto gani.

Kabla ya jua kuzama alirudi mbio. "Kitu chako kimepasuka ndani ya uji. Nitakulipa." Yeye aliogopa bei. Mimi niliogopa jambo jingine. Nikamwuliza nani yuko jikoni. Akasema binti yake yupo anakoroga, na mtoto mgongoni.

KWA NINI KILIPASUKA

Kipimajoto cha mgonjwa kina namba kutoka nyuzi 35 hadi 42 tu za sentigredi, kwa sababu mwili wa mtu aliye hai hauendi mbali ya hapo. Uji uliotoka motoni huweza kuwa na nyuzi 80 au 90. Zebaki ikipata moto hutanuka. Ikifika mwisho wa mrija wake haina pa kwenda, na kioo hupasuka. Hata vile vya betri havifai kwa kazi hiyo. Vyenyewe havina zebaki, lakini vikizidi nyuzi 42 na kitu huacha kupima, na maji ya moto huviharibu.

Watu wengi hudhani kwamba hatari ya zebaki ni kuimeza. Kumeza tone dogo si jambo jema, lakini sehemu kubwa yake hupita tumboni na kutoka. Hatari kubwa ni mvuke wake. Zebaki ikipashwa moto hutoa mvuke usioonekana wala kunuka, nao huingia mapafuni na kutoka hapo huenda katika damu, ubongo na figo. Mtu akivuta mwingi hukohoa na kubanwa kifua. Akiuvuta kidogo kidogo kwa muda mrefu huanza kutetemeka mikono na kusahau. Watoto wadogo na mama wajawazito ndio wanaoumia zaidi. Kwa ajili hiyo nchi nyingi zilikubaliana, katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, kwamba vipimajoto vya zebaki visitengenezwe tena baada ya mwaka 2020. Lakini vya zamani bado vimo makabatini, kama kile changu.

Tulimtoa binti na mtoto nje. Tulivuta kuni zote, tukafungua mlango na dirisha, tukamkataza kila mtu kukoroga. Mama alitaka kuchuja uji kwa kitambaa aondoe vioo, kisha aendelee, maana pombe ilikuwa imeagizwa kwa arusi ya Jumamosi. Nikamwambia haiwezekani. Zebaki ni nzito, hukaa chini ya pipa, na hugawanyika vidonge vidogo visivyoshikika. Alinitazama kwa muda mrefu. "Ulezi wangu debe moja na nusu," akasema. Sikuwa na jibu.

Kesho yake afisa afya alikuja. Uji ulikuwa umepoa. Ulitiwa katika ndoo zenye mifuniko pamoja na vioo vyote, akaondoka nazo. Pipa nalo likachukuliwa. Ikiwa jambo hili litakupata nyumbani, hata kipimajoto kikianguka sakafuni tu, usifagie kwa ufagio, maana utaitawanya. Usishike kwa mkono wala usimwage mtoni au chooni. Toa watu, fungua madirisha, kisha sukuma matone pamoja kwa karatasi ngumu, uyatie katika chupa yenye kifuniko na upeleke kituo cha afya.

KIPIMAJOTO KINACHOFAA

Je, basi mpishi asipime joto? Apime. Mpwa yule hakusema uongo. Kimea hugeuza wanga wa uji kuwa sukari, na hufanya kazi hiyo vizuri uji ukiwa kati ya nyuzi 60 na 70. Ukikitia uji ukiwa umezidi 80, nguvu yake huharibika na uji hubaki mzito usio na utamu. Ukikitia umepoa mno, uchachu huanza kabla utamu haujatoka. Kimea cha pili, kile cha kuchachusha, kinataka uji uliopoa chini ya nyuzi 35, maana chachu huuawa na joto kali. Wanaopika togwa wanajua habari hii kwa vidole vyao.

Tafuta kipimajoto cha chuma chenye uso kama wa saa, kisicho na kioo wala zebaki ndani ya fimbo yake. Namba zake zifike 100 au zaidi. Fimbo iwe ya chuma kisichoshika kutu. Kwa sufuria ndogo hakuna haja ya kutoboa: funga kipimajoto chenye fimbo ndefu kwenye mti uliolazwa juu ya mdomo wa sufuria, fimbo iingie ndani ya uji bila kugusa chini.

Anayetaka kukifunga moja kwa moja katika pipa, kwanza alitazame pipa lenyewe. Pipa lililokuwa na dawa ya wadudu au ya pamba halifai hata likioshwa mara 10. Pipa la bati lililopakwa zinki halifai pia, kwa sababu pombe ni chachu na huila ile zinki, na wanywaji hutapika.

Tundu litobolewe ubavuni, kama theluthi moja ya kimo kutoka chini. Likiwa juu mno, siku ya pombe kidogo fimbo itaning'inia hewani na kusema uongo. Likiwa chini mno, kipimajoto kitapima joto la moto, si la uji. Liwe upande wa pili wa pale unapoingiza kuni, la sivyo ndimi za moto zitaunguza uso wa kile kifaa. Kipande cha bati kilichokunjwa chini yake husaidia. Fundi baiskeli mwenye keekee anaweza kutoboa. Ncha kali za tundu asugue kwa tupa.

Fimbo ikishapita, weka washa ya mpira ndani na nje, kisha kaza nati. Mpira uwe ule wa silikoni unaostahimili moto. Watu hupenda kukata mpira wa ndani wa baiskeli kwa sababu uko karibu, lakini ukipata moto hulainika na kutoa harufu ndani ya pombe. Na fundi akikuambia atalehemu kwa risasi ili kusivuje, mkatalie. Risasi ni sumu ya ubongo, tena ya watoto hasa.

Jambo moja ambalo wenye kuuza vifaa hawasemi: mwiko. Mkorogaji hukoroga kwa nguvu, na mwiko ukigonga fimbo kila siku, tundu hulegea. Chagua fimbo fupi, na wakorogaji wote waonyeshwe ilipo. Tena koroga kabla ya kusoma, halafu ungoje mshale utulie, kwa kuwa uji mzito huwa wa moto chini na wa vuguvugu juu.

KISICHOPIMWA

Kipimajoto hupima joto tu. Hakijui kama kimea chako kimeota ukungu wakati wa kukianika. Sumukuvu itokanayo na ukungu haiondoki kwa kuchemsha. Januari 2015, katika jimbo la Tete nchini Msumbiji, watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Mwanzoni watu walisema imetiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi ukaonyesha kwamba unga wa mahindi ulioharibika ulikuwa umeota bakteria wenye kutoa sumu kali, nayo sumu hiyo huvumilia moto. Nafaka yenye ukungu haina dawa jikoni.

Nimeulizwa pia na vijana wawili kama kipimajoto kikifungwa katika mtambo wa gongo kitaonyesha lini sumu imekwisha kutoka. Wameambiwa kwamba methanoli huchemka kwa nyuzi 65 na kileo kwa 78, hivyo ukimwaga kinachotoka mwanzo umepona. Namba hizo ni sawa, ila zikichanganyika katika mtambo mmoja hazitoki kwa zamu kama watu kwenye foleni. Hutoka pamoja. Na mara nyingi methanoli inayoua haikutoka kwenye mtambo bali ilitiwa na mwuzaji. Novemba 2000, mjini Nairobi, zaidi ya watu 100 walifariki kwa kinywaji kilichotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Gongo ni marufuku kwa sheria, na kipimajoto hakiibadilishi.

Mama yule sasa anacho kipimajoto cha uso wa saa, katika pipa jipya. Nusu ya bei nilitoa mimi, na ulezi bado namlipa kidogo kidogo. Siku ya kwanza alichemsha maji matupu kukijaribu, kama nilivyomwambia. Maji yakatokota, mshale ukasimama kwenye 95. Akaniita, akasema nimemnunulia kibovu. Ilibidi nimweleze kwamba hapa kwetu ni mlimani, na kila ukipanda mita 300 hivi maji hutokota kwa nyuzi moja pungufu. Dar es Salaam ni 100, Dodoma karibu 96, Mbeya mjini karibu 94. Alitikisa kichwa, akachovya kidole katika uji wake mwenyewe ili kuhakikisha.